Mudalasini na Muguu wa Muzee Ramazani

Watoto wangu wa bulanjeri, nyinyi munaooka mikate pale Majengo, karatasi yenu nimeisoma. Nimeisoma mara tatu, mara moja na miwani, mara mbili bila miwani, maana nilikuwa nimekasirika na sikutaka kuona vizuri. Mumeandika kwa rangi ya kupendeza: "Pain perdu ya furu ya Mama Furaha. Mudalasini wetu unaponesha sukari, unashusha presha, unasafisha damu." Chini mumeacha nafasi ya picha yangu. Zuhura, mukubwa wenu, ameniambia kwamba munangoja tu niseme ndiyo, halafu karatasi ibandikwe kwenye kila karton.

Sitasema ndiyo. Lakini pia sitasema hapana na kunyamaza, vile sisi wazee tunapenda kufanya ili tuonekane tuna siri kubwa. Nitawaeleza sababu, na nitaanza mbali kidogo. Someni mukiwa mumekaa. Kama kuna plato ya mikate inayookwa mu furu, itoeni kwanza, sitaki kuambiwa kesho kwamba Mama Furaha ndiye aliyeunguza.

Mu bulanjeri ile ya Majengo nilifanya kazi miaka thelathini na kidogo. Nilitoka Rutshuru nikiwa musichana anayejua maharagi na ndizi, na mukate nilikuwa nimeuona mikononi mwa wasafiri tu. Aliyenipokea ni Muzee Ramazani, baba ya Zuhura. Alikuwa Muislamu, wazazi wake walitoka Maniema, na mimi ni mutu wa kanisa kila Jumapili. Hilo halikutusumbua hata siku moja. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa moto?"

Nilitaka kazi, nikajibu kwa nguvu: "Hapana, muzee."

"Basi rudi kwenu Rutshuru. Mutu asiyeogopa moto ataniunguzia mikate."

Nikasimama pale nimeshika mufuko wangu, sijui niende wapi. Nikasema, "Naogopa kidogo."

"Kidogo inatosha. Funga kitambaa kichwani."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Hakuna aliyeniuliza diplome.

Furu yenyewe aliijenga kwa mikono yake, na mawe meusi ya hapa kwetu Goma, yale ya volkano ambayo kila mutu anayo mu kiwanja hata kama hayataki. Kuni zilishuka kutoka upande wa Kibati juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli. Hakukuwa na namba za kuonesha moto. Muzee alichukua unga kidogo katikati ya vidole, akautupa kwenye sakafu ya furu, akahesabu. Unga ukiwa mweusi kabla ya tano, unafunga mulango na kungoja, hata kama wanunuzi wanapiga kelele nje. Ukiwa kahawia kwenye kumi, ingiza mukate. Ukifika ishirini na bado uko na rangi ya manjano tu, moto huo ni wa biskuti, na ni wa pain perdu.

Nyinyi leo muko na furu ya gazi yenye namba, na sitawadanganya kwamba ya zamani ilikuwa bora. Ya zamani ilikula nyusi zangu mara mbili. Lakini namba haijui kama mukate wenu umelowa sana katikati. Tupeni unga siku moja moja, hata kwa muchezo, ili mikono yenu ijue.

Sasa, kwa nini pain perdu, yaani mukate uliopotea. Muzee Ramazani hakutupa mukate. Ukianguka chini, aliinama, akaupuliza, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kisha akauweka juu ya ukuta, mahali ambapo miguu haipiti. Mwanzo nilicheka moyoni, nikidhani ni mambo ya wazee wa Maniema. Baadaye nikajikuta nafanya vilevile, na hadi leo nyumbani kwangu wajukuu wananicheka mimi. Shida ilikuja kila mwaka mwezi wa mufungo. Asubuhi nusu ya wanunuzi wetu walikuwa wamefunga, na jioni kila mutu alitaka mukate wa moto. Ule wa asubuhi ulibaki vikapu viwili, vitatu, ukikauka, na Muzee anauangalia kama mutu anayeangalia mugeni aliyekosa mahali pa kulala.

Aliyeleta jibu ni muke wake, Mama Mwamini. Kwao walizoea kuchovya mukate wa jana mu mayai na maziwa, halafu kuukaanga. Lakini kukaanga kipande kimoja kimoja vikapu vitatu, utamaliza mafuta ya muji muzima. Muzee akasema, "Panga yote mu plato, mwagia, ingiza mu furu. Moto utafanya kazi, sisi tupumzike." Mudalasini aliuleta ndugu ya Mama Mwamini, mufanyabiashara aliyekuwa anafika hadi Kigoma. Alileta magome yamefungwa mu gazeti, na nyumba nzima ikanukia.

Plato yangu ya kwanza peke yangu niliiharibu, na ilikuwa baada ya mufungo, ndiyo maana kila mutu alipata nafasi ya kuonja. Nilijidai najua. Nikajiambia, kama mukate wa jana unatoa kitu kitamu, je mukate wa leo, laini, wa moto? Nikamuficha Muzee, nikapasua mikate mipya, nikamwagia maziwa na mayai, nikaingiza. Ilipotoka, ilikuwa uji. Muzee hakunigombeza. Alienda kuchukua vijiko, akampa kila mufanyakazi kimoja, akasema, "Karibuni, leo Furaha ametupikia uji wa mikate." Walikula wote mbele yangu, polepole, wakinisifu. Nililia na nilicheka, na tangu siku hiyo sijaweka mukate mupya mu plato.

Kwa hiyo shikeni hivi. Mukate wa jana, na kama ni wa juzi bila ukungu, vizuri zaidi. Upasueni kwa mikono, musikate na kisu, maana pale ulipopasuka unakunywa maziwa vizuri. Maziwa ya Masisi, yale yanayokuja mu bido za plastiki, ni mazito, yaongezeeni maji kidogo. Yapasheni moto pamoja na gome la mudalasini, yasichemke sana, kisha yaacheni yapoe hadi kidole kivumilie. Mukiweka mayai mu maziwa ya moto mutapata omeleti, na omeleti hatukuagizwa. Chumvi kidogo. Sukari kidogo sana, nitarudi kwenye hilo. Mwagieni, mukandamize kwa kiganja, halafu muondoke, mufanye kazi nyingine. Anayefanya haraka haraka ndiye anayeniletea plato yenye katikati kavu. Iko tayari pale katikati inapovimba na ukibonyeza kidole inarudi yenyewe.

Na unga wa mudalasini musiumwage mwingi juu. Juu unaungua, unaleta uchungu. Weka ndani ya maziwa, ndiko unakofanya kazi yake.

Mudalasini. Sasa tumefika.

Muzee Ramazani alipata ugonjwa wa sukari akiwa bado na nguvu. Alianza kunywa maji kama mutu aliyetoka shamba, akapungua, na kitambaa chake cha kiunoni kikawa kinazunguka mara mbili. Hospitali wakampa vidonge, wakamuambia apunguze mukate. Hebu fikirini, mutu ambaye maisha yake yote anaamka kuonja mukate. Akaniambia, "Furaha, kuanzia leo wewe ndiye mudomo wangu." Kila plato nilionja mimi, nikamuelezea: chumvi imepungua, katikati kumekaza. Yeye alisikiliza amefunga macho. Ilinihuzunisha, na nilimupenda yule muzee kama baba. Nataka mujue hilo kabla ya mengine.

Wakati ule maneno ya mudalasini yalikuwa yanatembea sana. Sokoni walisema, kwenye redio mutu mumoja alisema, jirani aliapa kwamba shangazi yake alipona kabisa. Mimi nilikuwa mutu wa mudalasini, mikono yangu ilinukia mudalasini hata kanisani. Ilinifurahisha kusikia kwamba kile kitu changu cha kila siku ni dawa. Nikaanza kumuchemshia Muzee kikombe kila asubuhi, gome nene, rangi nyekundu kama chai. Alikunywa. Alisema anajisikia mwepesi. Mimi nikajisikia munganga.

Asubuhi moja, tunapanga mukate mu plato, akaniuliza.

"Furaha, hivi vidonge vinanisumbua tumbo. Wewe unaonaje, nikiviacha?"

Sikufikiri hata kidogo. Mikono yangu ilikuwa mu maziwa. Nikasema, "Acha, muzee. Mudalasini ni dawa yenyewe. Hivyo vidonge ni vya watu ambao hawana mudalasini."

Ndiyo maneno yangu, sijayapunguza. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Umesema kweli," na tukaendelea na kazi. Mama Mwamini hakuwa pale. Hakukuwa na mutu mwingine.

Miezi ikapita. Muzee hakulalamika tumbo tena, na mimi nilijisifu kimoyomoyo. Alikuwa anasema miguu imekufa ganzi, kama mutu aliyekalia muguu wake kwa muda murefu. Nilimuambia ni uzee. Nilikuwa na jibu la kila kitu siku zile.

Halafu ikaja ile asubuhi. Jua lilikuwa limeshapanda. Muzee alikuwa anavuta makaa kutoka mu furu kwa koleo, amevaa kambambili zake za plastiki, na mimi nilikuwa nimeweka maziwa na mudalasini pembeni, yanapoa. Mikate ilikuwa ndani. Akainua pua.

"Nani anaunguza mukate?"

Nikafungua furu. "Hapana, muzee. Bado ni mweupe."

"Nasikia harufu. Angalia vizuri. Angalia nyuma."

Nikaingiza koleo, nikavuta ya nyuma. Ilikuwa myeupe vilevile. Akanikaripia, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo: miaka yote hii na bado siwezi kutambua harufu ya kuungua? Naye akainama, tukaingiza vichwa vyote viwili mulangoni mwa furu, tukitafuta mukate unaoungua. Mimi pia nilisikia ile harufu sasa. Nilipojiondoa ili nipumue, nikaangalia chini, nikaona moshi unatoka kwenye kambambili yake ya kushoto. Kaa la moto lilikuwa limeanguka katikati ya kidole gumba na plastiki. Alikuwa amesimama juu yake, ananigombeza juu ya mukate.

Mana yanjye, Mungu wangu. Nilinyakua kilichokuwa karibu, ile sufuria ya maziwa, nikamumwagia muguuni. Maziwa yakachuruzika mu majivu, na gome la mudalasini likabaki limelala juu ya muguu wake.

Akajiangalia. Akacheka kidogo. "Mbona unaharibu maziwa? Haiumi, Furaha. Rudisha mikate."

Nilikuwa nimeungua mara nyingi mu kazi ile. Najua vile inauma. Yeye aliposema haiumi, nikakaa chini mu majivu. Nilielewa kwamba kuna kitu kibaya kuliko moto, ingawa sikujua jina lake.

Kidonda hakikupona. Tulikiosha, tulikifunga, kikawa cheusi, kikapanda. Hospitali walisema sukari ndiyo iliyoua hisia za muguu, wakaukata chini ya goti.

Siku mbili baada ya kukatwa, nilienda na chakula. Mama Mwamini alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Infirmier, yaani muuguzi, kijana mumoja mupole mwenye kalamu mukononi, alikuwa anauliza maswali yake na kuandika.

"Vidonge vya sukari anameza vizuri?"

"Kila siku," Mama Mwamini akajibu. "Mimi mwenyewe ninavinunua."

"Niliacha," Muzee akasema.

Mama Mwamini akamugeukia. "Uliacha nini?"

"Vidonge. Miezi mingi sasa. Nilikuwa naviweka mu kopo la chumvi, kule bulanjeri."

Yule kijana akaacha kuandika. "Papa, nani alikuambia uviache?"

Nilikuwa nimesimama pale mulangoni na bakuli mikononi. Muzee akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia vile alivyokuwa ananiangalia akitaka kujua kama moto uko tayari. Nafasi ilikuwa yangu. Ningesema neno moja tu. Nilinyamaza, na yeye akaona kwamba nimenyamaza. Akamugeukia infirmier.

"Hakuna. Ni kichwa changu tu."

Mama Mwamini alianza palepale. "Kichwa chako! Kichwa ngumu wewe, mutu wa kukataa dawa kama mutoto mudogo!" Na hakuacha. Tangu siku ile hadi Muzee alipofariki, miaka kumi na mumoja, kila alipohangaika na fimbo zake kwenye mawe ya Majengo, kila alipoanguka wakati wa mvua, kila alipokosa kuinama vizuri kwenye sala, muke wake alimuambia: "Si ulikataa dawa?" Naye alijibu jibu moja: "Ee, Mama Zuhura, nilikataa." Mara nyingine mimi nilikuwa pale. Nilichukua fagio, nikafagia mahali palipokwisha fagiwa.

Watu husema mudomo uliponza kichwa. Wangu uliponza muguu wa mutu mwingine, kisha ukajifunga pale ulipohitajika.

Zuhura, wewe ulikuwa unasoma Bukavu wakati huo. Ulirudi ukakuta baba yako na muguu mumoja, na kisa kimeshafungwa: baba alikuwa kichwa ngumu. Nimekusikia ukiwaeleza wanunuzi hivyo, ukiwahimiza wameze dawa zao, wasiwe kama baba yako. Unasema kwa moyo muzuri. Baba yako hakukataa dawa. Aliniuliza mimi, na mimi nilimuambia aache. Nimechelewa sana kukuambia, na sina kisingizio isipokuwa woga.

Nilijaribu mara moja kuzungumza naye. Alikuwa amerudi bulanjeri, amekaa juu ya kiti karibu na furu, anatuongoza kwa mudomo. Wengine walikuwa wametoka kupakia mikate. Nikasema, "Muzee, juu ya yale maneno yangu ya mudalasini..."

"Tupa unga uone moto."

Nikatupa unga. Tukahesabu pamoja hadi ishirini. Halafu akasema, akiendelea kuangalia furu: "Wewe ulisema. Mimi niliitika, kwa sababu nilitaka kusikia vile. Tuko wawili. Lakini usimuambie mugonjwa mwingine hivyo tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, muzee."

"Basi ingiza plato."

Ni hiyo tu aliyoniomba kwa miaka yote niliyofanya kazi naye. Hakuomba nimuokoe na ukali wa muke wake. Aliomba nisimuambie mugonjwa mwingine. Na sasa munaniletea karatasi yenye jina langu, munataka iende kwenye kila nyumba ya Goma, imuambie kila mugonjwa.

Baada ya muguu kukatwa, nilimurudia yule infirmier peke yangu. Nilitaka aniambie mudalasini ni sumu, ili niuchukie na nimalizane nao. Hakunipa hilo. Aliniambia: "Mama, mudalasini si adui wako. Unapasha tumbo joto, na mugonjwa asiye na hamu ya kula akisikia harufu yake anafungua mudomo. Na kuna kitu kimoja kikubwa: ukiuweka vizuri mu maziwa, ulimi unadhani kuna sukari nyingi, kwa hiyo unaweza kupunguza sukari. Hiyo ni faida ya kweli." Nikamuuliza, na ile ya kushusha sukari mu damu? Akasema wanaoichunguza bado hawakubaliani. Labda kwa watu fulani inasaidia kidogo, lakini hata kama inasaidia, ni kama mutu anayekushikia kapu wakati umebeba gunia. Gunia linabebwa na vidonge, na chakula, na kupimwa. Akaniambia pia nisizidishe lile gome nene jekundu kila siku, kwamba likizidi linaweza kuchosha ini, na kwamba mutu mwenye dawa zake aulize kwanza.

Niliporudi kazini nilipunguza sukari ya plato hadi nusu, na hakuna mununuzi aliyelalamika. Mapishi yale munayofuata leo, ambayo munasema ni siri ya Mama Furaha, yametoka kwenye mazungumzo yale. Siri yenyewe ni muguu wa Muzee.

Kabla ya kuwaandikia nyinyi, juzi, nilienda kwa Mama Mwamini. Ni muzee sana sasa, macho yamepungua, lakini alinitambua kwa hatua zangu. Nilimusomea karatasi yenu, kisha nikamuambia yote: kile kikombe cha asubuhi, yale maneno, kile kitanda cha hospitali, bakuli mikononi mwangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Kwa hiyo hakukataa," akasema.

"Hapana, mama. Aliuliza, mimi nikamujibu vibaya."

"Na kila siku aliniambia nilikataa."

"Ndiyo."

"Miaka kumi na mumoja nimemutukana bure."

Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa. Nilikuwa nimejitayarisha hata kupigwa na fimbo, maana yule mama hajawahi kuwa mulaini. Kwa yeye kujilaumu mwenyewe sikuwa nimejitayarisha. Nilianza kuomba musamaha, akainua mukono.

"Wewe ngoja. Kuna mutu wa kwanza kuombwa radhi, na si mimi. Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Kesho nitamusomea Ramazani dua, nitamuambia." Akatafuta mukono wangu, akaushika, si kwa upole, akaushika vile mutu anavyoshika nguzo. "Wewe nenda uandike. Zuhura umuambie mwenyewe, mimi sitabeba maneno yako. Na wale watoto uwaambie kile Ramazani alikuambia."

Hakusema amenisamehe. Nilitoka nikatembea hadi nyumbani bila kupanda pikipiki, na nilipofika nikakaa chini, nikaanza kuandika haya.

Sasa nimewaambia. Musidhani nawakataza mudalasini. Ungekuwa ujinga mwingine juu ya ule wa kwanza. Pikeni, uzeni, mujivunie, maana hakuna plato mu muji huu inayoishinda ya kwenu, na mimi nimeonja nyingine kwa siri. Lakini mutu mugonjwa akisimama mbele ya meza yenu akauliza kama hii inaponesha, atakuwa anawauliza jinsi Muzee alivyoniuliza mimi. Atataka museme ndiyo. Mikono yenu itakuwa mu maziwa, na jibu litakuwa rahisi sana kutoka.

Ile karatasi ichaneni. Andikeni hii, kwa rangi ile ile nzuri:

"Pain perdu ya furu. Mukate wa jana, maziwa, mayai, mudalasini, sukari kidogo. Ni chakula, si dawa. Kama uko na ugonjwa wa sukari, kula kipande kidogo, na usiache vidonge vyako."

Jina langu mutaweka kama Zuhura atakubali baada ya kusoma haya, na akikataa nitaelewa. Picha yangu musiweke. Mama Mwamini anayo moja ya Muzee Ramazani, ya zamani, ameshika koleo mbele ya furu yake, anacheka, amesimama kwenye miguu yake yote miwili. Muombeni hiyo.